Kuku amekaa kiotani siku ya nne, na jogoo tulishamchinja: je, mayai yana mbegu?

Swali: Shikamoo mzee. Niko Kibaha, nina kuku saba nyuma ya nyumba, wanne wa kienyeji na watatu chotara. Jogoo alikuwa mmoja, tukamchinja siku tisa zilizopita tulipopata wageni. Sasa mtetea mmoja mweusi wa kienyeji yuko kwenye boksi siku ya nne leo, nikimsogelea anafura. Chotara mmoja naye anaingia na kutoka kwenye boksi hilo hilo. Nina mayai 16 kwenye trei juu ya friji, mengine ya kabla jogoo hajachinjwa, mengine ya baada, na sikuyawekea alama. Jirani ameniambia niyatie kwenye maji, yatakayoelea hayana mbegu. Nitajuaje kama huyu kuku anataka kuatamia kweli, na nitajuaje mayai yapi yana mbegu kabla sijampa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Jambo la kwanza ni kuyaokoa mayai yako: usiyatie kwenye maji. Jirani hana nia mbaya, na miaka yangu ya kazi ya ubwana mifugo nimekuta ushauri huo karibu kila kijiji nilichopita. Lakini maji hayana habari za jogoo. Yai huelea kwa sababu ya hewa iliyo kwenye ncha yake nene. Kadiri linavyokaa, unyevu wa ndani unatoka taratibu kupitia gamba, hewa inachukua nafasi, na yai linakuwa jepesi. Maji yatakuambia umri wa yai, basi. La wiki tano lenye mbegu litaelea, na la jana lisilo na mbegu litazama. Tena ukililowesha unaondoa utando mwembamba ambao mama yake amelipaka wakati wa kutaga. Utando huo ndio unaoziba vitundu elfu kadhaa vya gamba visipitishe uchafu. Yai la kula unaweza kulipima kwa maji dakika chache kabla ya kulipika. La kuatamiwa lisiguse maji kabisa.

Tuje kwenye maswali yako. Yako mawili, na kila moja lina wakati wake. Kuku anajibu usiku. Yai linajibu usiku wa saba baada ya kuwekwa chini ya kuku, si kabla ya hapo. Nimeona vifaranga wengi wakipotea kwa sababu mfugaji alimhukumu kuku mchana na kulihukumu yai likiwa bado kwenye trei.

Mchana kuku anatuchanganya. Huko kwenu kuna joto, na boksi lenye kivuli saa nane mchana linamvutia hata kuku ambaye kulea hakumo akilini mwake. Mtetea anayetaga anaweza kukaa kiotani saa nzima na zaidi. Tembe anayetaga mara ya kwanza hukaa hata kuliko hapo, akigeuka huku na huku na kupangapanga majani, na ukimsogelea anafura vilevile. Kwa hiyo kufura peke yake hakutoshi.

Leo usiku, kama saa tatu au saa nne, wakiwa wametulia wote, ingia bandani na tochi ya simu huku umeuziba mwanga kwa vidole usiwashtue. Hesabu walio kwenye fito. Kuku asiyeatamia, hata kama alishinda kiotani, giza likiingia hupanda kulala na wenzake. Ukimkuta mweusi wako bado yumo kwenye boksi, amejilaza bapa, mabawa ameyatanua kidogo na mkia umeinuka, umepata nusu ya jibu.

Nusu nyingine utaipata kwa kiganja chako. Kipenyeze polepole chini ya kifua chake ukitokea ubavuni. Anayeatamia haruki. Atatoa sauti nzito ya kukoroma, manyoya ya shingo yatamsimama, pengine atakudonoa kidole, kisha atajishusha juu ya mkono wako kana kwamba nao ni yai. Utahisi joto kali, maana mwili wa kuku una nyuzi 41 hivi, na vidole vyako vitagusa ngozi tupu. Kuku anayeatamia hupukutika manyoya ya kifuani na tumboni ili ngozi ikutane na mayai bila kizuizi. Mimi ishara hiyo ya ngozi tupu ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Ukimkuta hivyo usiku wa leo na wa kesho, basi huyo ameamua.

Mtazame pia anaposhuka. Kwa kawaida hushuka mara moja kwa siku, manyoya yamemtutumka mwili mzima, anatembea haraka haraka akilia kwok, kwok, kwok, anakula, anakunywa, anaoga vumbi, na kati ya dakika 15 na 30 amesharudi. Ataacha kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali kuliko kawaida, kwa sababu alikizuia kutwa nzima asichafue kiota. Usikiogope, si ugonjwa. Ule upanga mwekundu wa kichwani nao hufifia kadiri siku zinavyokwenda, na kutaga kunakuwa kumekoma.

Nasisitiza hili la ugonjwa kwa sababu umesema siku nne. Kuku mgonjwa naye hukaa pembeni asitoke. Tofauti yao utaiona machoni na kwenye hasira. Anayeatamia ana macho makali na anatetea mahali pake. Mgonjwa amefumba macho nusu, amejikunyata, ukimgusa anakuachia tu. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo inapinda au anahema kwa shida, usifikirie kuatamia, fikiria mdondo, yaani kideri, ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mara moja. Mtenge na wenzake siku hiyo hiyo na umwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Na ukimwona anasimama kama pengwini, anajikamua, mkia unapanda na kushuka, huenda yai limemkwama, na hilo halingoji kesho.

Chotara wako anayeingia na kutoka, kwa maelezo yako, anataga. Kuku waliozalishwa kwa ajili ya mayai mengi wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi wale wasioacha kutaga ili waatamie, kwa hiyo chotara wa aina kama Kuroiler na Sasso wengi hawana hamu hiyo, na wale wa mayai wa kisasa ndio kabisa. Kuku wetu wa kienyeji hutaga mkupuo mmoja, mara nyingi mayai 10 hadi 15, kisha homoni inabadilika mwilini, kutaga kunasimama, na anatulia juu ya mayai. Ndiyo maana kwa mwaka hutoa mayai machache, 40 hadi 60 hivi, lakini anakuletea vifaranga bila umeme.

Huyo chotara ndiye anayenitia wasiwasi zaidi katika habari yako yote, na nitakuambia kwa nini. Mwaka wangu wa kwanza kufuga kwangu mwenyewe nilimwacha koo aatamie kwenye kiota ambacho wengine walikuwa bado wanatagia. Sikuandika chochote kwenye mayai. Kila siku mtetea mwingine alikuwa anaingia, anamsukuma kidogo, anaongeza yai lake. Siku ya 21 wakatoka vifaranga wanne. Mama alikaa nao siku moja na nusu, kisha akashuka nao kwenda kutafuta chakula, kama ilivyo haki yake. Chini yalibaki mayai 11 yaliyokuwa katika umri tofauti, yakapoa yote. Nilivunja moja nikakuta kifaranga kamili, manyoya tayari, amebakiza labda siku mbili. Mpaka leo nikimwona mfugaji ana penseli bandani moyo wangu unatulia.

Kwa hiyo mhamishe mweusi wako. Mhamishe usiku, si mchana. Ukimhamisha mchana anaweza kukataa na kurudi palepale alipotoka. Mtafutie mahali pa peke yake, penye giza kidogo, pasipofikiwa na paka, kicheche wala mvua. Boksi lenye upana wa sentimita 35 kwa 35 linamtosha. Chini weka udongo mkavu au mchanga, ufinye katikati ukae kama bakuli ili mayai yasibiringike kwenda pembeni, juu yake tandaza nyasi kavu. Nyunyiza majivu makavu chini ya nyasi kwa ajili ya utitiri na chawa. Wengi wanaongeza majani makavu ya mwarobaini, nami sina pingamizi. Utitiri usiupuuze: koo mzuri kabisa ataacha mayai katikati ya safari kwa sababu ya kuwashwa usiku, na watu watasema kuku huyu hana uvumilivu. Maji na punje viwe umbali wa hatua mbili tatu, si kando ya kiota.

Usimpe mayai ya maana usiku huo huo. Mpe matatu au manne ya majaribio, ambayo hutajali yakipotea. Akiyakalia usiku mbili bila kuyaacha, ndipo uyaondoe na kumpa yale unayotaka yatotolewe, yote kwa pamoja, gizani.

Sasa mbegu. Ili uelewe kwa nini yai zima halikuonyeshi chochote, inabidi ujue mbegu huingia wakati gani. Kiini kinapoachia kutoka kwenye kikonyo cha mayai tumboni, kinadakwa na mdomo mpana wa mrija wa yai, na hapo ndipo mbegu ya jogoo hukutana nacho, katika robo saa hivi ya kwanza. Baada ya hapo ndipo ute unazungushwa, kisha ngozi mbili za ndani, kisha gamba, ambalo peke yake huchukua karibu saa 20. Yaani jogoo anakuwa ameshamaliza kazi yake kabla gamba halijaanza kuwapo. Utatafutaje juu ya gamba alama ya jambo lililotokea kabla ya gamba? Ndiyo sababu yai refu, yai la mviringo, lenye ncha kali au lenye vidoadoa, hayo yote hayakuambii kama lina mbegu, wala kama litatoa jogoo au tembe.

Na jogoo uliyemchinja bado yupo kwa namna yake. Kuku ana vijifuko vidogo mno ndani ya njia ya uzazi, na humo anahifadhi mbegu zikiwa hai, akizitoa kidogo kidogo kila kiini kinapopita. Baada ya kupandwa mara ya mwisho, mtetea huendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku kama 10 kwa uhakika mzuri, kisha uhakika unashuka. Wiki mbili bado mengine yanakuwa nazo, na baada ya wiki tatu usitegemee. Kwa hiyo mayai yaliyotagwa katika siku hizi tisa hayana sababu ya kukosa mbegu eti kwa kuwa jogoo ameliwa. Ila kuanzia wiki hii, kila yai linalotagwa lina nafasi ndogo kuliko la jana yake.

Unaweza kuhakikisha kwa kuvunja machache. Najua inauma kuvunja, lakini utayala, hayapotei, na yai lenye mbegu ambalo halijaatamiwa halina tofauti na jingine kwa mlaji, si ladha wala lishe. Chukua mawili ya kienyeji na mawili ya chotara, yavunje moja moja kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Ukigeuza kiini taratibu kwa mgongo wa kijiko utaona doa dogo jeupe juu yake. Kila yai lina doa hilo, lenye mbegu na lisilo na mbegu, kwa hiyo tazama sura yake. Lisilo na mbegu lina kidoa kidogo, kama milimita mbili, cheupe pepe, kimejaa, kingo zake hazijanyooka, kama tone la chokaa. Lenye mbegu lina duara pana zaidi, milimita nne hivi, lenye pete: ukingo mweupe ulio mviringo sawasawa na katikati kumefifia kunapitisha rangi ya kiini. Ukishaiona ile pete mara moja hutaisahau.

Usichanganye pete hiyo na ile kamba nyeupe iliyosokotwa pembeni mwa kiini. Nimesikia hata watu wazima wakiiita mbegu ya jogoo na kuitoa kwa uma kabla ya kukaanga. Hiyo ni kamba ya ute inayoshikilia kiini kikae katikati, na iko hata kwenye yai la kuku ambaye hajawahi kuona jogoo. Tone la damu nalo si kifaranga kilichoanza. Ni mshipa mdogo uliopasuka wakati kiini kinaachia, na unaonekana hata kwenye mayai ya dukani.

Ukikuta pete katika yote manne, kundi lako lilikuwa linapandwa vizuri. Lakini elewa mipaka ya kipimo hiki. Umelipima kundi. Yai lililobaki kwenye trei hujalipima, na hakuna tochi, maji wala pete ya ndoa iliyofungwa kwenye uzi itakayolipima likiwa zima na halijaatamiwa.

Mimi, kwa kweli, siogopi sana jogoo wako. Naogopa friji. Juu ya friji pana joto la mota, na nyumba za Pwani zenyewe zina joto. Yai lenye mbegu linapotoka kwa mama halianzi sifuri. Limeshakaa siku nzima mwilini mwake, na lile duara tayari ni maelfu ya chembe hai. Likipoa, chini ya nyuzi 20 hivi, chembe zinalala, na zinaweza kusubiri wiki moja bila madhara makubwa. Likikaa kwenye nyuzi 30, halilali wala halikui inavyotakiwa, maana ukuaji wa kawaida unataka nyuzi 37 na nusu. Linajikongoja siku mbili tatu, kisha linakufa kimya, na kwa nje liko vilevile. Ndani ya friji nako usiweke ya kuatamiwa, ni baridi kupita kiasi. Mahali pazuri kwa nyumba ya kawaida ni kona ya sakafuni isiyopigwa na jua, ndani ya chungu kilichokalishwa kwenye mchanga unaoloweshwa asubuhi na jioni. Maji yanavyokauka kwenye mchanga yanapoza chungu, na mayai yenyewe yanabaki makavu. Ncha nyembamba iangalie chini. Kwa joto la kwenu nisingeyaweka zaidi ya siku tano, saba ikizidi sana.

Haya 16 basi tuyafanyeje? Tochi ya simu itakusaidia hapa, ingawa si kwa swali la mbegu. Usiku, zima taa, ziba yai kwa vidole ukiacha ncha nene ikutane na mwanga. Utaona kifuko cha hewa kama kofia angavu. Yai la siku mbili tatu lina kofia ndogo, haizidi sana ukucha wa kidole gumba. La zamani kofia yake imeshuka kama kifuniko. Hivi ndivyo unavyopata bila maji kile ambacho jirani alitaka maji yakuambie. Chagua sita yenye kofia ndogo kabisa, ya saizi ya kawaida, gamba safi lisilo na ufa. Manne ya kuvunja na manne ya kumjaribia kuku yatoke kwenye hayo mengine. Yanayobaki yapikeni.

Kisha nenda kwa jirani, na kama yeye ana jogoo mwombe mbadilishane mayai sita aliyookota siku mbili hizi. Jumla utakuwa na 12, na hayo yanamtosha koo wa kienyeji. Wazo la kumpa 16 liache. Mayai yakimzidi, machache yanabaki nje ya joto, na kwa kuwa yeye huyageuza na kuyahamisha kutwa, ya nje kesho yako ndani na ya ndani yako nje, hivyo baridi inayatembelea yote. Unaweza kupoteza 10 kwa tamaa ya manne.

Andika kwa penseli, si kalamu ya wino. Yako andika K, kwa maana ya kwangu. Ya jirani andika J. Weka na tarehe. Kila siku kuku akishuka kula, chungulia. Yai lisilo na alama limeingizwa na mwingine, litoe ukale. Ukiyaweka Ijumaa usiku, vifaranga watarajie Ijumaa ya tatu baada ya hapo, maana siku 21 ni wiki tatu kamili.

Ijumaa ya kwanza usiku ndiyo siku ya saba, na sasa yai litakujibu. Kata kipande cha boksi gumu, toboa tundu dogo kuliko yai, weka tochi ya simu nyuma yake. Kaa karibu na kuku, chukua yai moja moja kutoka chini yake, mikono ikiwa mikavu na yenye joto, elekeza ncha nene kwenye tundu, tazama kwa sekunde chache, rudisha. Mayai mengi ya kienyeji yana gamba jeupe au rangi ya maziwa, yanaonyesha vizuri. Ya kahawia ya chotara hayapitishi mwanga vizuri, na yasipokupa jibu la wazi yape siku tatu zaidi kabla hujayahukumu.

Lililo hai utaona kitone cheusi na mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwake pande zote, kama mizizi ya mche mchanga. Ukitulia, kitone kinacheza. Moyo wa kifaranga huanza kupiga kabla siku mbili hazijaisha, kwa hiyo unachokitazama usiku huo kimeshakuwa na moyo kwa siku tano. Mimi nimetazama mayai mengi sana maishani mwangu, na bado pale kitone kinapocheza hunyamaza.

Lisilo na uhai litakuja kwa sura mbili, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu Kiswahili chetu kinayaita yote viza na kwa neno hilo tunapoteza habari. Kuna yai angavu: mwanga umejaa, kivuli cha kiini tu kinaelea. Na kuna yai lenye pete nyekundu ya damu, au mishipa iliyokatika katika na kitone kisichosogea. Hili la pili lilikuwa na mbegu, likaanza, likafa. Ukimwambia mtu mayai yalikuwa viza atakushauri ubadilishe jogoo, kumbe jogoo hana kosa.

Yaliyo angavu yatoe usiku huo, kisha uyavunje kwenye sahani, yasiuzwe wala yasirudishwe kwenye trei, yamekaa wiki nzima kwenye joto. Ukikuta kile kidoa kidogo cheupe kilichojaa, hapakuwa na mbegu. Ukikuta utando mpana mweupe au wa rangi ya maziwa umetambaa juu ya kiini, lilikuwa na mbegu na likafa siku za mwanzo kabisa, kabla damu haijaonekana. Kwa tochi yote mawili yanafanana. Sahani ndiyo inayoyatenganisha. Yenye pete ya damu toa pia, maana yai lililokufa huoza, huvimba kwa gesi, na likipasuka chini ya kuku linachafua yote.

Usiku wa 14 pima mara ya pili kama unataka. Lililo hai limeshajaa giza, limebakiza kofia ya hewa tu. Baada ya siku ya 18 mwache. Kifaranga anajipanga kutoboa, na mama hashuki tena kwa urahisi. Wapo wanaoyatia kwenye maji ya uvuguvugu siku hizo waone lipi linacheza. Nakuomba usifanye, vitundu vya gamba vimeshakuwa wazi zaidi.

Kuhusu jogoo mwingine, mtafute mapema. Kwa mitetea saba mmoja anatosha, na hata 10 anawamudu. Awe amevuka miezi saba, miguu mizima, asiwe kaka wala baba wa mitetea yako, kwa sababu damu ikijirudia vifaranga hufia ndani ya yai. Akishaingia bandani, subiri siku 10 ndipo uanze kuokota mayai ya kutotolesha. Na kama katika siku hizi utaamua kwamba huwezi kumpa mweusi mayai, usimzamishe kwenye ndoo wala kumfunga miguu. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa, penye mwanga na upepo, chakula na maji tele, siku tatu au nne. Kifua kikipoa, hamu inaisha, na baada ya wiki moja au mbili atarudi kutaga.

Lakini natumaini utampa. Usiku ule wa saba, kabla hujatupa chochote, andika kwenye karatasi: K angavu mangapi, K yenye damu mangapi, na J vivyo hivyo, pamoja na ulichokiona kwenye sahani. Ya J yakiwa hai na ya K yakiwa angavu yenye kidoa kidogo, jogoo wako alikuwa amechoka muda mrefu kabla ya wageni kufika. Ya J yakiwa hai na ya K yakiwa na utando au pete ya damu, hamisha trei kutoka juu ya friji. Na yakifa ya pande zote mbili, usiku huo huo rudi bandani, inua nyasi za kiota, utafute utitiri.